Salehe, ung'oe ule waya mweusi

Tanga, 9 Machi

Ndugu yangu Salehe,

Salamu nyingi. Sisi hapa wazima, mama anakuulizia kila siku. Barua yako nimeisoma mara mbili, na habari ya pampu ya bustani imeniuma, maana ugonjwa huo naujua: pampu ikiwaka tu, Arduino, ile bodi ndogo inayoiamrisha pampu, inazimika na kuanza upya.

Programu yako haina kosa. Kwenye mchoro wako nimeona waya mweusi kutoka hasi ya betri ya volti 12 hadi graundi, yaani hasi, ya Arduino. Mota ikianza kuzunguka huvuta ampea nyingi kwa ghafla, na vurugu yake hupita kwenye waya huo mpaka kwenye bodi. Mimi vurugu kama hiyo iliwahi kuniulia tundu la USB la kompyuta.

Tafuta PC817. Ni kidude cheusi cha miguu 4, hakizidi sana punje ya hindi. Ndani yake upande mmoja mna taa ya LED, upande wa pili transista inayohisi mwanga, na katikati hakuna waya wowote. Amri inavuka kwa mwanga, umeme unabaki kwao. Kitu hiki nakipenda sana, Salehe.

Kidoti cha juu kinaonyesha mguu wa 1. Pini ya Arduino ipitie rezista ya omu 330 ndipo iingie hapo. Mguu wa 2 urudi graundi ya Arduino. Taa inachukua volti 1.2 hivi, kwa hiyo itapitisha kama miliampea 11, zinatosha. Upande wa betri, mguu wa 4 ufunge kwenye chanya, wa 3 kwenye geti, ule mguu wa kupokea amri, ya IRFZ44N yako, ile transista inayowasha pampu. Kati ya geti na hasi ya betri weka rezista ya kiloomu 10, la sivyo geti itabaki na chaji na pampu itachelewa kuzima. Hapo geti itapata karibu volti 12 badala ya 5; nadhani uchache wa hizo 5 ndio uliokuwa unaichemsha IRFZ44N. Daiodi ya kwenye pampu usiiguse.

Sasa ung'oe ule waya mweusi. Ukiuacha, PC817 umeinunua bure. Arduino nayo iendelee na chaja ya simu. Ukiichotea volti 5 kutoka betri ile ile kwa kipunguza volti cha kawaida, hasi zimekutana tena kwa mlango wa nyuma. Bodi za rilei, zile swichi za sumaku, nazo zina mtego huo: kile kijampa cha JD-VCC, kidude kinachounganisha pini mbili za umeme, kikibaki mahali pake, pande mbili zinakula umeme mmoja.

Kabla hujawasha chochote, weka mita kwenye omu, ncha moja hasi ya betri, nyingine graundi ya Arduino. Isilie, isionyeshe njia. Ikionyesha, usiwashe, nichoree tena saketi yote, hata waya unaouona hauna maana, unitumie.

Wako,
Bakari