Nyumba, Bangili na Filamu Yako: Barua kwa Mwanangu

Mji wa Kale, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta katika afya njema huko Nairobi. Sisi huku hatujambo, ila nyanyako magoti yanamsumbua na siku hizi hashuki ngazi isipokuwa kwa dharura. Mswada wako nimeusoma mara mbili, mara ya kwanza kama mamako na mara ya pili kama mtu aliyewahi kusimama mbele ya kamera, nikaona ni heri nikujibu kwa maandishi badala ya simu, kwa kuwa maombi yako ni matatu na yote ni mazito: unataka nyumba kwa siku tisa ili mrekodi sehemu zote sita za tamthilia yako ya mtandaoni, unataka bangili zangu uziweke rehani, na unataka niigize kama Bi Mkubwa mwenye nyumba.

Nyumba ni yako, hilo halina mjadala. Lakini mwaka jana mlipokuja kurekodi ile filamu fupi, kijana wenu wa sauti alizima friji saa mbili asubuhi kwa kuwa mngurumo wake ulikuwa ukiingia kwenye maikrofoni, na magharibi mkakunja vifaa mkaenda zenu bila yeyote kukumbuka kuiwasha. Alfajiri nilipoingia jikoni nilikanyaga maji, na nilipofungua mlango wa friji nikakuta kilo tatu za nguru, samaki wa shughuli ya watu niliyokuwa nimeshapokea arubuni yake, wamekwisha kuharibika. Safari hii yeyote atakayezima friji na aweke humo ndani funguo za pikipiki yake au za gari lililowaleta, ili asiweze kuondoka pasi na kuifungua tena na kukumbuka kuiwasha. Watu wa kazi yenu wana desturi hiyo mahali pengi, nami nataka ianze kufuatwa jikoni kwangu.

Yule kijana hakukosea kuizima, na nakuomba usimwache, kwani yeye ndiye aliyekuwa akiijua kazi kuliko nyote. Nilipoitazama filamu ile kwenye simu, picha zilikuwa za kupendeza, mwanga wa dirisha la baraza ukimwangukia shangazi yako usoni kama ulivyopanga, lakini maneno yake ya jikoni, ambayo ndiyo yaliyobeba kisa kizima, yalimezwa na pangaboi mliyoacha ikizunguka kwa sababu ya joto. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo, ila akishindwa kusikia watu wanasema nini huihama filamu mara moja. Uliwahi kunieleza kwamba Sean Baker wa Marekani alitoa filamu mwaka 2015 iliyopigwa kwa simu za iPhone 5s, nawe ukanieleza hayo ili kunithibitishia kwamba kamera si kizuizi, jambo ambalo nalikubali. Lakini kumbuka kwamba hata yeye hakuiachia simu kazi ya sauti, alimtafuta fundi wake na vifaa vyake. Kwa hiyo fedha mkizipata, tangulizeni maikrofoni nzuri, kisha ndipo mzungumze habari ya lenzi.

Tena ratiba yenu lazima iifuate nyumba. Misikiti imetuzunguka, na adhana zake hazianzi kwa dakika moja: huu unapokaribia kumaliza, ule ndio kwanza unaanza. Nimeona umepanga maonyesho ya mazungumzo marefu alasiri, saa ambayo tuktuk zinapishana huku nyuma na watoto wanatoka madrasa. Yapeleke hayo asubuhi, baada ya kunguru kutawanyika na kabla jua halijapanda, na saa za adhana ziwe za kuswali, kula na kubadilisha mavazi. Na katika kila chumba mnachomaliza, simameni nyote kimya kwa dakika nzima mrekodi ukimya wa chumba hicho, maana ukimya wa sebule yetu yenye dari ya boriti si sawa na ule wa ukumbi wa chini, na wakati wa kuhariri mtauhitaji wa kuzibia nyufa za sauti.

Sasa nije kwenye hadithi yenyewe. Mswada wa kwanza ulioniletea ulikuwa na magari yanayofukuzana juu ya daraja la Nyali na mtu anayejitupa baharini kutoka kwenye feri ya Likoni, na moyo wangu uliingia baridi, kwa sababu niliona utatumia mwaka mzima kuiga kwa shilingi chache mambo ambayo wenye mamilioni huyafanya vizuri zaidi. Huu wa pili, wa dada wawili wanaogombania kuuza au kutouza nyumba ya mirathi huku mama yao angali hai chumba cha juu akisikia kila neno, umezaliwa humu ndani, na hakuna tajiri anayeweza kuuandika kwa niaba yako. Ndivyo alivyofanya Robert Rodriguez, yule aliyetengeneza filamu yake ya mwaka 1992 kwa dola zipatazo 7,000 tu: aliangalia kwanza ana nini mkononi, basi la kuazima, mbwa, kobe, mji wa rafiki yake, kisha akaandika hadithi inayovihitaji vitu hivyo.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa Ousmane Sembène, na unajua kwa nini. Babako, Mungu amrehemu, alikuwa kuli bandarini Kilindini kwa miaka mingi, na Sembène naye alikuwa kuli katika bandari ya Marseille kabla hajawa mwandishi. Alipotambua kwamba wengi wa watu wake nyumbani Senegal hawakuweza kusoma vitabu alivyoviandika, alikwenda Moscow kujifunza filamu akiwa anakaribia miaka arobaini, na mwaka 1963 akatoa filamu ya kiasi cha dakika 20, inayomfuata mwendesha mkokoteni wa farasi mjini Dakar kwa siku moja tu. Ni mtu mmoja, mkokoteni mmoja na abiria wanaopanda na kushuka, wengine bila kulipa, mpaka anaingia mtaa wa wakubwa ambako mikokoteni imekatazwa, na hapo ananyang'anywa riziki yake. Uliponionyesha filamu hiyo nililia, kwa maana niliwaona wasukuma mikokoteni ya maji wa huku kwetu, na nilimwona babako akirudi na mabega yaliyochubuka. Hakuna ndani yake kitu ambacho wewe huwezi kukipata Mombasa.

Sembène huyo huyo mwaka 1968 alitengeneza filamu ndefu inayozungumzwa kwa Kiwolofu, lugha ya watu wake, na hili linanileta kwenye kasoro iliyoniuma katika mswada wako. Bi Mkubwa umempa Kiswahili cha msomaji wa taarifa ya habari. Mwanamke wa miaka sabini aliyezaliwa Kibokoni hasemi "njia", husema "ndia". Hasemi "njaa", husema "ndaa". Na mchele kwake ni "mtele". Barabara unayoipita kila ukija kuniona inaitwa Ndia Kuu, na hakuna aliyethubutu kuisahihisha. Nenda ukakae na nyanyako siku mbili umsikilize anavyomkatiza mtu, anavyonyamaza anapokasirika, anavyomwita mjukuu "mama" anapotaka kumtuma. Ukiogopa kwamba watu wa bara hawataelewa, weka maandishi chini ya picha.

Kuhusu bangili, nitakupa. Najua kwamba Satyajit Ray wa India aliuza vitu vyake na vito vya mkewe vikawekwa rehani ili filamu yake ya kwanza iendelee, akawa anairekodi kwa vipande huku ameajiriwa kazi ya matangazo, mpaka serikali ya jimbo lake ilipoingilia kati ikampa fedha za kuimaliza, ikatoka mwaka 1955. Lakini niliposoma ukurasa wa bajeti yako mkono ulinitetemeka, na si kwa sababu ya jumla iliyo chini. Mbele ya kamera umeweka kodi ya siku tisa, mbele ya taa umeweka bei, mbele ya usafiri wa vifaa umeweka bei, na mbele ya waigizaji saba na vijana watano wa kikosi umeandika neno moja: "watajitolea".

Mwanangu, sijawahi kukusimulia kisa hiki kikamilifu. Miaka ya tisini, kabla hujazaliwa, nilikuwa katika kikundi cha maigizo hapa mjini, na mtu mmoja mwenye kamera alitualika turekodi mchezo wa video wa saa nzima. Tulifanya kazi wiki tatu, wengine wetu tukitoroka makazini, tukipewa soda, mkate wa mofa na nauli ya kurudi. Alituahidi kwamba kanda zikiuzwa tutagawana, na zikauzwa. Nilizikuta madukani Mombasa, nikaambiwa zimefika mpaka Lamu. Hatukupata hata shilingi, na tulipokwenda kumuuliza alitutaka tutoe karatasi, nasi karatasi hatukuwa nayo. Lakini lililonikaa moyoni zaidi ya fedha ni kwamba niliponunua kanda hiyo kwa pesa zangu nikaitazama hadi mwisho, jina langu halikuwemo. Nilikuwa mama wa bibi harusi, nilikuwa katika karibu kila onyesho, na ilikuwa kana kwamba hakuna mtu aliyekuwa pale. Sikuigiza tena baada ya hapo.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kwamba hakimiliki haihamishwi kwa mtu mwingine isipokuwa kwa maandishi, na inampa mwigizaji haki zake katika kile alichokiigiza. Filamu nayo hulindwa kwa miaka 50. Sasa fikiria vijana kumi na wawili wanaokula pilau yangu leo wakicheka: baada ya miaka kumi, kituo cha televisheni kikitaka kuinunua tamthilia yako, kila mmoja wao atakuwa na dai, na wewe hutakuwa na jibu. Kwa hiyo sharti langu la bangili ni kwamba fedha ya kwanza itakayotoka itoke kwa watu. Kama huwezi kumlipa mtu ujira kamili, mlipe nauli na chakula na posho ya siku, kisha andika katika karatasi, kwa Kiswahili anachokielewa, anapata fungu gani kazi ikiuzwa, jina lake litaandikwaje, na siku ya kazi inamalizika saa ngapi. Mimi hupikia harusi za watu mia tatu, na kabla sijawasha jiko huandika mchele kilo ngapi, nani atakata vitunguu na atalipwa nini. Ukiona bajeti haiwatoshi watu kumi na wawili, waite saba. Punguza maonyesho, unganisha majukumu, rekodini siku sita badala ya tisa. Hadithi yako itavumilia, kwa kuwa imejaa watu wanaoketi na kuzungumza.

Vivyo hivyo kwa ile taarab uliyoiweka katika sehemu ya nne. Mtafute mwenye shairi na mwenye muziki, uombe ruhusa ya maandishi, au mtungishe shairi jipya. Washairi hapa hawajaadimika.

Leseni ya kurekodi usiipuuze. Sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, Sura ya 222, ipo tangu mwaka 1962, na bodi ya kuainisha filamu ndiyo inayoisimamia. Kamera ya simu nayo haikuondolei wajibu huo. Mkitaka kuingia Fort Jesus, ruhusa ni ya Makavazi ya Kitaifa. Ile droni ya kupita juu ya mapaa iache kabisa, kwa sababu ruhusa yake ni safari nyingine, na juu ya mapaa hayo wanawake huanika nguo bila mtandio. Majirani nitawazungukia mimi mwenyewe mlango kwa mlango siku mbili kabla, niwaeleze dirisha gani litaonekana na saa ngapi, na asiyeridhia dirisha lake lisionekane.

Kuhusu kuitoa mtandaoni, wewe unajua zaidi. Nakuomba tu usianze kurusha sehemu ya kwanza kabla ya zote sita kuhaririwa, maana mtazamaji aliyezoea kusubiri Ijumaa akikosa mara mbili harudi, na kila sehemu isizidi dakika kumi, kwa kuwa watu wa huku hutazama kwa bando la kununua kidogo kidogo. Issa Rae, yule mwandishi na mwigizaji wa Marekani, alianza hivyo YouTube mwaka 2011, kwa sehemu fupi, na pale fedha zilipopungua ni watazamaji wenyewe waliochanga ili aendelee. Waliochanga walikuwa wameshamwamini.

Limebaki ombi la tatu. Nimelifikiria kwa siku nne, na nimejaribu maneno ya Bi Mkubwa mbele ya kioo mlango ukiwa umefungwa, kwa sauti ya chini ili nyanyako asisikie. Lile onyesho ambalo anawasikia binti zake kutoka juu na asishuke, nalijua nitakavyolifanya: ataendelea kuchambua mchele kwenye ungo, na mkono ndio utakaosimama. Kwa hiyo nitakuja, inshallah. Njoo na karatasi yangu kama utakavyowapelekea wengine, nami nitatia sahihi, na sehemu ya jina uandike jina langu kamili, pamoja na la babangu, kama lilivyo katika kitambulisho.

Bangili zimo katika kasha la shaba chini ya kitanda. Nitakuwa nimemaliza nguru wote kabla hamjafika.

Wako akupendaye,
Mamako