Si kila rege ni ya Bob Marley

Mhariri,

Kila inapokaribia Mei 11, siku aliyofariki Bob Marley mwaka 1981, redio na magazeti hutoa orodha za nyimbo zake, na hazikosi nyimbo ambazo hakuziimba kamwe. Tunaomba nafasi tusahihishe, kwa sababu makosa hayo huishia kwenye vibanda vya kujaza nyimbo kwenye flashi, kuanzia Mtwara mjini hadi Nachingwea, na kutoka hapo yanapanda bajaji. Jina likishasomeka kwenye redio ya gari, nani atauliza tena?

Kinara ni "Don't Worry, Be Happy". Huo ni wa Bobby McFerrin, Mmarekani, ulitoka mwaka 1988, Marley akiwa na miaka saba kaburini. Tena hauna ala hata moja: kuanzia besi mpaka mluzi, zote ni sauti za McFerrin mwenyewe zilizorekodiwa moja juu ya nyingine. "Red Red Wine" inayopigwa kwenye harusi ni ya UB40, bendi ya Birmingham, Uingereza, 1983. Aliyeitunga ni Neil Diamond, ambaye hata si mtu wa rege, na Tony Tribe aliigeuza kuwa rege tangu 1969. "Bad Boys" ni ya Inner Circle. "Legalize It" ni ya Peter Tosh, 1976, akiwa ameshatoka The Wailers, bendi aliyoimba pamoja na Marley. "I Shot the Sheriff" nayo imekumbwa na kosa la upande wa pili: wapo wanaompa Eric Clapton, kwa kuwa ya kwake ya mwaka 1974 ndiyo iliyoshika namba moja Marekani, kumbe Marley aliitunga na kuitoa mwaka mmoja kabla, kwenye albamu ya Burnin'.

Njia ya haraka ya kuhakiki ni mwaka wa wimbo, ila ina mtego. "Buffalo Soldier" ilitoka 1983 na "Iron Lion Zion" 1992, na zote mbili ni za Marley kweli. Zilirekodiwa akiwa hai zikabaki kabatini. Kwa hiyo ongeza sikio. Ukisikia ngoma za mashine, zile zilizoenea Jamaika baada ya "Under Mi Sleng Teng" ya Wayne Smith mwaka 1985, huyo si Marley, labda iwe kazi iliyopikwa upya na madijei kama "Sun Is Shining" ya Funkstar De Luxe. Bendi pia huwapoteza wengi. Alpha Blondy wa Ivory Coast alipoirekodi "Jerusalem" mwaka 1986, waliompigia ni The Wailers wenyewe, Kingston. Ala zinafanana, mwimbaji ni mwingine kabisa.

Kuna hili la "Slave" ya Lucky Dube wa Afrika Kusini, 1987. Washereheshaji wa huku kwetu hupenda kuitanguliza kwa maneno mazito kuhusu soko la watumwa la Mikindani na misafara ya Kilwa Kivinje. Wimbo wenyewe unamhusu mtu aliyefanywa mtumwa na pombe! Ukumbi mzima unaucheza chupa mkononi. Anayetaka rege ya utumwa ule wa minyororo achukue "Slavery Days" ya Burning Spear, iliyomo kwenye albamu ya Marcus Garvey ya 1975, au "Redemption Song" ya Marley, 1980, ambayo ni gitaa na sauti tu. Hiyo ya pili bendi zetu huiwekea ngoma, na hapo ndipo inapokufa.

Tukishafika kwenye ngoma, tuseme na hili, kwa kuwa wimbo unaweza kutangazwa kwa jina sahihi na bado ukapigwa usitambulike. Mpiga ngoma aliyezoea dansi au singeli hukanyaga ngoma ya mguu kwenye pigo la kwanza. Rege ya Carlton Barrett, mpiga ngoma wa Marley, inafanya kinyume. Hesabu moja, mbili, tatu, nne: moja ni tupu, na kwenye tatu ngoma ya mguu na mpigo wa fimbo kwenye ukingo wa sneya, ile ngoma ndogo kali iliyo mbele ya mpigaji, vinaanguka pamoja. Gitaa la ridhim linakata kwenye mbili na nne, kwa mkato mfupi, vidole vya mkono wa kushoto vikilegea mara moja ili nyuzi zisiendelee kulia. Marley aliuimba mtindo huo kwa jina lake, "One Drop", kwenye albamu ya Survival ya 1979. Mpiga ngoma aanze kujifunza na huo. Mpiga kinanda naye auondoe mkono wa kushoto kwenye sauti za chini. Akiziacha zinagongana na gitaa la besi, fundi mitambo anapandisha besi ili isikike, spika zinakoroma, na maneno ya mwimbaji hayashikiki hata kwa aliyekaa mbele.

Ombi letu kwenu ni dogo. Mkichapisha orodha, chini ya kila wimbo wekeni mwimbaji, mwaka na albamu. Wala msisubiri Mei. Lucky Dube aliuawa Johannesburg Oktoba 18, 2007, na tarehe hiyo huikuta mikoa yetu ndani ya msimu wa korosho, kumbi zikiwa zimejaa kuanzia Masasi hadi Newala. Mwaka huu anzeni na yeye: "Together as One" ya 1988, "Prisoner" ya 1989, "House of Exile" ya 1991, "Victims" ya 1993. Hizo nne zinabeba pia majina ya albamu zake, kwa hiyo hata kibanda cha flashi hakina pa kukosea. Peter Tosh naye aliuawa Septemba 11, 1987, na Toots Hibbert, aliyeimba "54-46 That's My Number", alifariki tarehe hiyohiyo mwaka 2020. Siku hiyo huku kusini hupita bila hata wimbo mmoja redioni.

Wapiga muziki,
Mikindani, Mtwara