YAH: SASISHO LENU LILILOIHARIBU KAMERA YANGU, NA MAJIBU NILIYOPEWA

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Masharti ya dhamana mmeyaandika wenyewe, sina haja ya kuyarudia. Kamera yangu ilikuwa nzima hadi siku nilipoiwekea toleo la 3.20 la programu yenu. Tangu siku hiyo haifai kwa kazi.

Nilifuata maelekezo yenu neno kwa neno. Betri ilikuwa imejaa, kadi ya kuhifadhia picha niliifomati ndani ya kamera hiyohiyo, faili nililipakua kwenye tovuti yenu. Sikugusa kitu hadi kioo kilipoandika kuwa kazi imekamilika. Sasa nikibonyeza nusu kitufe cha kupigia, lenzi inakwenda mbele na kurudi nyuma, mbele na nyuma, haishiki fokasi, picha haitulii ikawa kali. Halafu kioo kinaganda. Hapo hata kuzima haizimi, mpaka nichomoe betri. Nilikuwa kwenye harusi ya watu, bwana harusi ameshaishika pete, mimi nimeinama nachomoa betri. Picha ya pete ile haipo na haitakuwepo.

Nikaileta kwenu. Mtumishi wenu wa mapokezi hakuiwasha. Aliigeuza, akasoma namba iliyo chini yake, akaniuliza mbele ya wateja wenzangu: "Kwani nani alikulazimisha kusasisha?" Kisha akaisukuma kwa kidole kimoja hadi upande wangu wa meza.

Nani alinilazimisha? Ninyi, ndugu Meneja. Wiki tatu kabla ya harusi ile niliwaandikia kuhusu nafasi ya pili ya kadi iliyokuwa inakataa kusoma. Jibu lenu ninalo: nisasishe kwanza ndipo nisikilizwe. Nikasasisha. Na kadi ya pili mpaka leo haisomi.

Maelezo mliyoyaweka pamoja na toleo hilo yalikuwa mstari mmoja tu: "maboresho ya uthabiti wa mfumo." Mliboresha nini? Mligusa fokasi au hamkugusa? Mtu anayekula kwa kamera hiyo ana haki ya kujua kabla hajabonyeza kukubali. Nilipotaka kurudi toleo la 3.10, kamera ilinikatalia, na faili la zamani mmeshaliondoa kwenye tovuti. Mmefunga mlango wa kuingilia na wa kutokea.

Na msiniambie kwamba ndivyo kamera zote zilivyo. Fujifilm walitoa kamera ya X-T3 mwaka 2018. Oktoba 2020, mrithi wake X-T4 ikiwa tayari madukani, wakairudia ile ya zamani na kuipa toleo la 4.00 lililoiongezea kasi ya fokasi. Nikon walitangaza kamera ya Z9 Oktoba 2021, na Aprili 2022 wakaipa toleo la 2.00 lenye video ghafi ya 8K, yaani ya ukali mkubwa sana, ya fremu 60 kwa sekunde, bila kumtoza mteja. Wenzenu wanasasisha kamera zinakuwa bora kuliko zilivyouzwa. Yangu mmeirudisha chini ya ilivyotoka kwenye boksi.

Narudia habari ya pale mezani, maana mnaweza kudhani natia chumvi. Nilikuwa nimerekodi hitilafu yote kwa simu, sekunde arobaini, lenzi inasikika ikihangaika. Nikamnyooshea mtumishi wenu simu aone. Akainua kiganja kunizuia, macho yake yapo kwenye kompyuta. "Hii ina umri wake, fikiria mpya." Ndipo akasema lile la kulazimishwa, mwenzake wa meza ya pili akacheka. Kamera ikasukumwa kwa kidole, haina kifuniko cha lenzi, kioo cha mbele kikiburuzwa mezani. Kifaa nilichokitunza miaka sita kwa kitambaa na brashi! Hata kunipa karatasi ya kuonyesha kuwa nilifika, hakunipa.

Siku ile ningeridhika na faili la toleo la 3.10 tu. Leo siridhiki tena. Nataka kamera itengenezwe bila malipo, toleo la zamani lirudishwe kwenye tovuti kwa kila mwenye kamera hii, na niombwe radhi kwa maandishi. Mkishindwa kuitengeneza, nirudishiwe fedha yangu yote, ya kamera na ya lenzi tatu pia, kwa kuwa lenzi hizo zimetengenezwa kwa mdomo wa kamera zenu.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitakwenda kwenye mamlaka ya kulinda walaji na kisha mahakamani, nikiwa na barua pepe yenu ya "sasisha kwanza" na video ile ya sekunde arobaini. Video hiyo nitaiweka hadharani pia, kila mwenye toleo la 3.10 aione kabla hajabonyeza.

Kamera ninayo, haijafunguliwa na fundi yeyote. Safari hii nataka ipokelewe na mtu atakayeiwasha.

Mteja wenu,
Mpiga picha