Weusi wa ubongo: mmeandika kinyume

Bwana Mhariri,

Jumanne iliyopita, ukurasa wa 5, mliandika kwamba watu wanaotetemeka mikono wameingiwa na kitu cheusi ubongoni. Jumapili, jirani yetu hapa Kadutu akabisha hodi na chupa ya mafuta ya upako, gazeti lenu kwapani, aje amwombee mke wangu, mwenye ugonjwa wa Parkinson, huo wa kutetemeka, ili weusi umtoke. Mke wangu alimpa kiti, akampa chai, akanyamaza. Mimi nimefundisha biolojia miaka 31. Kunyamaza kulinishinda.

Weusi huo tunao wote. Wewe unao, mimi ninao, jirani na mafuta yake anao. Ubongo wa mtu mzima ukikatwa pale sehemu ya juu ya shina lake, unaona kwa macho tu, bila mikroskopu, mistari miwili kama ya makaa, mmoja kulia na mmoja kushoto. Mtoto mchanga hazaliwi nayo. Rangi hujikusanya kadiri anavyokua. Mfaransa Félix Vicq d'Azyr, ambaye baadaye alikuwa daktari wa malkia Marie-Antoinette, aliieleza mwaka 1786. Mjerumani Sömmerring akaieleza pia, na vitabu vingi vikaiita kwa jina lake. Jina lililodumu ni la Kilatini, substantia nigra, na sisi tuliosoma Kongo tukalikariri kwa Kifaransa: substance noire. Ni jina la rangi, basi, kama mtu anavyomwita mbuzi wake Mweusi. Waliolitoa hawakujua sehemu hiyo inafanya kazi gani.

Ugonjwa nao ulikuwa na njia yake. James Parkinson, daktari wa London, aliuandika mwaka 1817 akiwa na wagonjwa 6 tu, wengine aliwaona wakipita barabarani. Alidhani kosa liko kwenye uti wa mgongo, upande wa shingo. Njia hizo mbili zilikutana Paris mwaka 1893, na hapo ndipo wanafunzi wangu walipokuwa wakisahau kengele. Madaktari Blocq na Marinescu walikuwa na mgonjwa aliyetetemeka upande wa kushoto peke yake. Alipokufa wakamfungua kichwa, wakakuta uvimbe wa kifua kikuu umekaa upande wa kulia, palepale penye weusi. Daktari Brissaud akasema miaka miwili baadaye: huenda makao ya ugonjwa ni hapa. Mwaka 1919 Tretiakoff, Mrusi aliyekuwa akisomea Paris, alichunguza bongo za waliokufa na ugonjwa huu akakuta weusi umefifia.

Umefifia, Bwana Mhariri! Chembe hai zenye rangi hufa, na rangi huenda nazo. Mke wangu hana weusi wa kutolewa, amepungukiwa. Wakubwa wa sayansi waliendelea kubishana miaka mingi, lakini mwaka 1960 kule Vienna, Ehringer na Hornykiewicz walipima wakakuta bongo za wagonjwa hao zimeishiwa dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kusogea, ambayo ndiyo kazi ya chembe hizo kuitengeneza. Vidonge anavyomeza mke wangu kila asubuhi vilitokana na ugunduzi huo. Siku vikikosekana kwenye famasi, hata kifungo cha blauzi namfungia mimi.

Wenye umri wangu wanamkumbuka bondia Muhammad Ali akipigana na Foreman pale Kinshasa mwaka 1974. Mwaka 1996, Atlanta, dunia nzima ilimwona akiwasha mwenge mkono ukimtetemeka. Ni ugonjwa huuhuu. Msiniambie Foreman ndiye aliyemroga.

Simlaumu jirani. Alisoma alichoandikiwa, na alitembea kwenye matope ya mteremko wetu kwa upendo. Ila sokoni kuna mama aliyekataa kupokea noti kutoka mkononi mwa mke wangu, akasema ziwekwe kwanza juu ya meza. Naye alikuwa amesoma gazeti.

Ninaomba masahihisho, kwenye ukurasa uleule wa 5 na kwa herufi za ukubwa uleule. Herufi ndogo tumezichoka. Ugonjwa wa mke wangu ulianza kuonekana kwenye kaye yake, yaani daftari, ya madeni ya vitenge: kila mwezi majina yalizidi kusinyaa, hadi binti yetu akashindwa kuyasoma, na wadeni wawili wakaponea kulipa.

Mwalimu mstaafu,
Kadutu, Bukavu