Tuwafundishe watoto wa Malindi kukataa, tusiwatishe tu

Mhariri,

Kila ifikapo tarehe 26 Juni, siku ya Umoja wa Mataifa ya kupinga dawa za kulevya, wanafunzi wetu hupangwa uwanjani wakahutubiwa. Mgeni hutaja sigara, pombe, bangi na unga, yaani heroini, kwa mkupuo mmoja, akasema vyote vinaua. Kisha huitwa kijana aliyeacha unga, akasimulia alivyojidunga na kulala mitaroni. Watoto wakapiga makofi, wakarudi darasani. Nimefundisha shule za msingi hapa Malindi, pwani ya Kenya, kwa miaka 23, nimesimama nyuma ya mistari hiyo mwaka baada ya mwaka, na naomba nafasi niseme wazi kuwa hotuba hizi haziwakingi watoto wetu.

Mwaka mmoja, mgeni alipokwisha kuondoka, nilipita uwanjani wakati wa mapumziko. Niliwakuta wavulana wa Gredi ya 6 wakimwigiza teja anavyosinzia akiwa amesimama. Mmoja wao alikuwa akiwaeleza wenzake kete ya unga inavyofungwa. Somo hilo walilipata asubuhi ileile, kwetu sisi walimu na mgeni wetu. Simlaumu kijana yule. Alikuja kwa moyo safi, na maneno yake yangewafaa sana wazazi. Lakini mtoto wa miaka 12 humwona mtu mzima mwenye afya, ameshika maikrofoni, anashangiliwa. Anachoondoka nacho ni kwamba ukitumia unaweza kuacha.

Na vitisho navyo vina hasara yake. Mtoto aliyeambiwa sigara inaua, kisha akamwona mjomba wake anavuta tangu zamani na bado anakwenda baharini kuvua, huona amedanganywa. Akishaona amedanganywa kuhusu sigara, kwa nini atusikilize kuhusu unga?

Haya si yangu peke yangu. Mwaka 2013 ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu ilitoa viwango vya kimataifa vya kinga, na mwaka 2018 vikatolewa upya pamoja na Shirika la Afya Duniani. Viwango hivyo vinaeleza kwamba kutoa habari tu, hasa za kutisha, na kuwaleta shuleni waliowahi kutumia watoe ushuhuda, hakujaonekana kupunguza matumizi. Kinachosaidia ni vipindi vya mfululizo vya mwalimu aliyefunzwa, ambamo wanafunzi wenyewe wanazungumza, wanaigiza na kujizoeza.

Mazoezi ndiyo hasa yanayotakiwa, kwa sababu anayempa mtoto sigara ya kwanza kwa kawaida si mtu baki. Ni binamu, ni mwenzake wa timu, ni kaka wa jirani pale maskani. Kumwambia huyo "la" na bado mkabaki marafiki ni kazi hata kwetu watu wazima. Niliwahi kujaribu na darasa langu: mmoja anatoa kipande cha chaki kana kwamba ni sigara, mwenziwe anakataa mbele ya darasa zima. Siku ya kwanza kijana aliyetakiwa kukataa alicheka, akaipokea. Wiki ya tatu alikuwa na maneno yake mwenyewe: "Kesho nina mechi, kifua changu nakitaka." Nani angemtungia maneno hayo kwenye hotuba?

Tulifanya na jingine. Kila mmoja aliandika kwenye karatasi isiyo na jina kama amewahi kuvuta, na anadhani wangapi darasani wamewahi. Takriban wote walidhani wengi wamewahi. Karatasi zilipofunguliwa, waliowahi walikuwa wachache mno. Niliziona nyuso za wale waliokuwa wakijihisi wamebaki nyuma.

Malindi si mji wa kuelezwa unga ni nini. Pwani yetu imeujua tangu miaka ya 1980. Hapa ndipo Omari Project ilipoanza mwaka 1995 kuwasaidia waraibu, na tangu 2015 hospitali yetu inatoa methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya unga. Ni tiba inayookoa maisha, na naiunga mkono kwa dhati. Lakini kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, miezi hata miaka. Miongoni mwa wanaokwenda asubuhi yumo niliyemfundisha kusoma.

Wazazi wenzangu, nasi tuna letu. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18, na inakataza kuuza sigara mojamoja. Ila ni sisi tunaomwambia mtoto, "Kaniletee sigara mbili dukani, chenji ununue peremende." Ni sisi tunaomtuma na dumu mangweni akalete pombe ya mnazi. Mei 2024 kaunti yetu ya Kilifi na kaunti jirani zilipopiga marufuku muguka, majani ya kulevya yanayotafunwa, na mahakama ikasimamisha marufuku hiyo, tulibishana mji mzima. Sikusikia aliyeuliza ni nani anayemtuma mtoto kuinunua.

Ombi langu kwa wakuu wa elimu wa hapa ni hili: fedha za mahema, fulana na maji ya chupa za tarehe 26 Juni zitumike kuwafunza walimu wawili wa kila shule, na kipindi kimoja kwa wiki kitengwe kwa kazi hii kuanzia Gredi ya 4, kabla chaki haijawa sigara kweli. Walimu wa madrasa nao waalikwe kwenye mafunzo hayo, maana jioni watoto walewale wanaketi mbele yao.

Mwalimu na mzazi,
Malindi