Neema ni bure, kahawa ya jirani si bure

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Mwanza. Aliandika kwamba wachungaji wanaohubiri habari za kurudisha mali ya dhuluma wanawarudisha waumini chini ya sheria, kwa sababu tumeokolewa kwa neema na Kristo alishamaliza yote msalabani. Nusu ya kwanza ya barua yake ningeweza kuisoma kanisani Jumapili bila kugusa hata nukta. Nusu ya pili ndiyo iliyonifanya nitafute kalamu.

Mimi ni mjane, mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) hapa Muleba. Kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha wakulima wa kahawa. Kwa hiyo yapo mambo mawili ambayo mtu hawezi kunidanganya kirahisi: Katekisimu na kilo.

Nianze na tunalokubaliana. Paulo hakumung'unya maneno alipowaandikia Waefeso: "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu." Anayeweka bei hapo, hata iwe shilingi mia, anamdharau Yeye aliyelipa. Sisi Walutheri kila Oktoba 31 tunakumbuka kwamba mwaka 1517, kule Wittenberg, Martin Luther alikasirishwa na biashara ya vyeti vya rehema, vilivyouzwa kwa ahadi ya kufuta adhabu ya dhambi. Mtawa mmoja aliyeitwa Tetzel alikuwa akizunguka Ujerumani akiviuza, na sehemu ya fedha ikienda Roma kujenga Kanisa la Mtakatifu Petro. Tunalihubiri hilo kwa sauti kubwa, kwaya inaimba, tunapeana mikono mlangoni. Halafu mtu anatoka hapo anapanda pikipiki kwenda kununua mafuta ya upako.

Mwaka jana tulikwenda na wazee wenzangu kumwona bibi mmoja mgonjwa, muumini wa siku nyingi, ambaye miguu ilikuwa imevimba hata kukaa anakaa kwa shida. Juu ya kijisanduku karibu na kitanda, pembeni ya kiberiti na koroboi, kulikuwa na chupa ndogo ya plastiki, mafuta yamebaki robo. Alikuwa anayapaka kwa kidole kimoja, kidogo kidogo, yasiishe. Chupa ile alikuwa ameinunua elfu kumi, na ya kabla yake vilevile, na mbuzi aliyekuwa akifungwa nyuma ya jiko hakuwepo tena. Tulipotaka kuomba, akamshika mkono mzee mwenzetu akamuuliza kwa heshima ya Kihaya, "Waitu, na nyie mnaomba kwa shilingi ngapi?"

Hakuwa anatania. Mama aliyepata kipaimara kabla sijazaliwa anauliza maombi ni bei gani! Mzee yule alishindwa kujibu, akabaki kukohoa. Nikafungua Isaya 55, pale nabii anapoita wenye kiu waje wanunue divai na maziwa bila fedha na bila thamani, nikamsomea mara mbili. Akaniambia nisome tena.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Mwanza, usidhani naipigia debe dini ya malipo. Wote tunakumbuka Februari 1, 2020, pale Moshi, watu 20 walivyopoteza maisha kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Wale walikuwa watu wenye shida za kweli, wamefundishwa kwamba baraka ya Mungu ina mlango mwembamba na lazima uwahi. Simoni mchawi alipotaka kununua karama kwa fedha, Petro alimjibu, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe." Siku hizi Simoni angepewa kiti cha mbele.

Sasa nije kwenye mali ya dhuluma. Kama kweli mahubiri ya kurudisha ni kinyume cha neema, basi walioikosea neema kuliko wote ni Walokole wa zamani, watu wa uamsho wa kiroho wa Afrika Mashariki, na hapo mimi nakataa, kwa sababu nimelelewa nao.

Uamsho ule wa miaka ya 1930 ulianzia Gahini, Rwanda, kwenye hospitali ya misheni ya Kianglikana. Waliokuwa mstari wa mbele ni Waganda kama Simeoni Nsibambi na mdogo wake Blasio Kigozi, pamoja na daktari Mwingereza, Joe Church. Ukavuka ukaingia kwetu huku Kagera. Ni katika Walokole hao alikotokea Askofu Josiah Kibira, ambaye mwaka 1977, kwenye mkutano uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Watu wale walikuwa hawana wimbo mwingine ila damu ya Yesu. Asubuhi damu, jioni damu. Ungewaambia wokovu unapatikana kwa matendo wangekukemea. Na hao hao ndio waliorudisha majembe, vitenge, vyombo vya waajiri wao, na madeni ambayo mdai mwenyewe alishayasahau.

Baba yangu aliokoka nikiwa naanza shule. Miaka ya nyuma, jirani yetu alipokuwa Uganda akifanya vibarua, baba alikuwa ameisogeza milamula, ile miti ya mpaka, hatua mbili ndani ya kibanja (shamba la nyumbani) cha mwenzake. Jirani aliporudi alihisi kitu, lakini hakuwa na ushahidi, na mpaka ukazoeleka. Baada ya kuokoka, baba akamwita balozi wa nyumba kumi na mashahidi wawili, asubuhi kweupe, majirani wanaona. Akaing'oa milamula mmoja mmoja, akaipanda mahali pa zamani. Katika kile kipande mibuni mitatu ilikuwa imeshaanza kuzaa. Jirani, mtu wa haki kuliko tulivyodhani, akasema, "Lakini hii mibuni si uliipanda mwenyewe?" Baba akamjibu, "Niliipanda kwako."

Jirani akanyamaza kidogo, kisha akamuuliza swali ambalo ndilo hasa la msomaji wa Mwanza: "Kwani huyo Mungu wako hajakusamehe?"

"Kashanisamehe," baba akasema. "Asingenisamehe ningekuwa bado najificha. Hii miguu iliyonileta hapa yeye ndiye kaipa nguvu."

Jirani akaingia ndani akatoka na kikapu cha kahawa ya kutafuna, wakatafuna wote wamesimama palepale mpakani. Asije mtu akadhani naye alibadilika siku ile akawa Mlokole. Alibaki na Ukatoliki wake na lubisi yake, pombe ya ndizi, mpaka anakufa. Na mama yangu, Mungu amrehemu, alinuna kwa muda mrefu sana, kwa kuwa mibuni ile mitatu ndiyo ilikuwa chumvi na daftari zetu. Kurudisha kunauma, na mara nyingi kunamuuma asiyehusika.

Sisemi Walokole walikuwa malaika. Wapo waliogeuka askari wa wenzao: nani kachoma nywele, nani kaonekana kilabuni, ushuhuda wa nani una kasoro. Wengine walidai toba mpaka mtu akabuni dhambi ili aachwe. Hapo msomaji wa Mwanza akisema ni sheria, nitaunga mkono. Lakini baba hakurudisha ili apate kitu kwa Mungu. Alirudisha kwa sababu hakuwa na kitu tena cha kuogopa. Paulo huyohuyo wa neema, pumzi moja baada ya kukataa matendo, anasema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Na Warumi walipodhani wamepata mwanya, aliwauliza, "Tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi?" Akajijibu mwenyewe: "Hasha!"

Zakayo, yule mtoza ushuru, naye tumsome kwa utaratibu wake. Yesu aliingia nyumbani kwake wakati mali ya watu bado imo ndani. Hakumdai arubuni. Ni baada ya kupokewa hivyo ndipo Zakayo aliposimama, bila kuambiwa, akataja nusu kwa maskini na mara nne kwa aliowanyang'anya. Hakusema "Bwana, yaliyopita yamepita."

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu ya butura. Kwa wasomaji wa mbali: butura ni kuuza kahawa ikiwa bado maua au bado mbichi mtini. Kule kusini kwenye korosho wana kangomba, ni ndugu zake. Serikali inapiga marufuku kila mwaka, na kila mwaka ipo. Mambo yenyewe huwa hivi. Mwanzoni mwa mwaka mama ana mtoto wa kupeleka shule au mgonjwa wa kupeleka hospitali, na kahawa itaiva katikati ya mwaka. Mwenye fedha anakuja jioni, anazunguka kibanjani, anahesabu mibuni, anatoa fedha ya gunia moja. Msimu ukifika anakuja na vijana wake, wanachuma, wanaanika, na anaondoka na magunia manne ya maganda, yaani kahawa kavu isiyokobolewa. Mama anabaki kufagia majani. Mizani haisemi uongo hapo: unamwona mtu ambaye mibuni yake mwenyewe haijazi debe mbili anashusha magunia kwenye gari tangu asubuhi, na ukiuliza yametoka wapi unaambiwa, "Wewe karani, pima."

Msimu uliopita mtu wa namna hiyo alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Bwana Yesu asifiwe, Mungu amempigania, ameweza kununua gari la mizigo. Tukapiga makofi. Mabenchi matatu nyuma yake alikaa mama mmoja ambaye kahawa yake yote ilikuwa imekwenda kwa butura, kwa mtu huyohuyo, na yeye pia alipiga makofi. Wiki chache baadaye ikawa sikukuu ya mavuno. Kwa kuwa hakuwa na kahawa ya kutoa, mama yule alileta mkungu wa ndizi. Baada ya ibada ukafanyika mnada wa sadaka kama kawaida, mkungu ule ukapandishwa mpaka elfu themanini, na aliyeununua ni yeye, mwenye gari. Makofi zaidi. Mchungaji akamwombea baraka.

Mtu yule siwezi kusema hajaokoka. Moyo wake haupimwi kwa kilo, na damu ya Kristo inamtosha kama inavyonitosha mimi. Ninachosema ni kwamba mambo tumeyageuza. Cha bure tunakinunua kwenye chupa, na cha jirani, ambacho kina bei na ukubwa unaojulikana, tunataka tusamehewe bure na jirani asitajwe.

Najua jibu la wanunuzi, nimelisikia sana mizanini: "Alikuwa na shida, nikamsaidia." Kumsaidia ni kumkopesha, akavuna, akakurudishia chako na kitu kidogo cha shukrani. Wala Luther hakutuacha gizani hapa. Vijana wa kipaimara wanajifunza kwa moyo maana ya amri ya saba, Usiibe: tusimnyang'anye jirani fedha wala mali yake, wala tusiipate kwa hila, bali tumsaidie aitunze na kuiongeza. Mtoto wa darasa la sita anaikariri bila kukosea. Baba yake anabutura.

Na tukumbuke hoja ya kwanza kabisa kati ya zile 95 za Luther ambazo tunajivunia kila Oktoba. Haizungumzii bei ya vyeti. Inasema Bwana wetu aliposema tubuni, alitaka maisha yote ya mwamini yawe toba. Maisha yote ni pamoja na mwezi wa pili, mwezi wa ada, mtu anapobisha hodi kwa mwenye fedha.

Ombi langu kwa wachungaji wa huku kwetu ni dogo. Kabla ya mnada wa mavuno, watamke wazi kwamba aliyenunua kahawa mtini ana neno la kuzungumza na mwenye kibanja kabla hajazungumza na mhasibu wa usharika. Wasimtaje mtu jina, wala wasimnyime Meza ya Bwana kwa uvumi. Waseme tu, kisha wakae kimya watu wafikiri. Na vile vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, ambavyo hugawana fedha Desemba watu wakanunua nguo za Krismasi, vibakize kiasi cha kukopesha Januari na Februari, akina mama wapate ada bila kuuza maua ya mibuni.

Hilo la vikundi nililipeleka mwenyewe kwenye baraza la wazee. Nimejibiwa kwamba ni wazo zuri na litajadiliwa baada ya mavuno.

Mzee wa kanisa,
Muleba, Kagera
(Jina limehifadhiwa)