Mwalimu wa malezi apewe muda na chumba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaombee walimu wa malezi na unasihi wa sekondari zetu, yaani wale wanaowasikiliza na kuwashauri wanafunzi wenye shida. Ninachoomba hakihitaji mradi wala mfadhili: wapunguziwe vipindi, na wapewe chumba chenye mlango unaofungika.

Nilifundisha Jiografia na Kiswahili katika shule za kata wilayani Urambo, mkoani Tabora, hadi nilipostaafu, na miaka mingi kati ya hiyo nilikuwa mwalimu wa malezi. Kazi hii mtu hubebeshwa juu ya kazi nyingine. Mkuu wa shule anatazama kikaoni nani mpole, nani wanafunzi wanamzoea, anamtaja jina, na kikao kinaendelea na ajenda ya mitihani. Kuanzia siku hiyo mwalimu yule ana vipindi vyake ishirini na kitu kwa wiki, ana zamu, ana madaftari ya mikondo mitatu, ana azimio la kazi ambalo wathibiti ubora watalidai, na ana shida za shule nzima.

Mwanafunzi amfuate saa ngapi? Wakati wa uji, ofisi ya walimu ikiwa imejaa? Mimi wangu nilikutana nao stoo, katikati ya majembe, ndoo na magunia ya mahindi. Kila aliyekuja kuchukua jembe alitukatisha. Mtoto akishakatishwa pale anapoanza kufunguka, basi. Ukimrudia kesho atakwambia, "Hamna kitu, madam," na kweli hutapata kitu tena.

Novemba 2021 Serikali ilitoa Waraka wa Elimu Na. 2, ikaruhusu walioacha masomo, wakiwemo mabinti waliopata ujauzito, kurudi katika mfumo rasmi ndani ya miaka miwili. Nilifurahi mno siku Profesa Ndalichako, wakati huo Waziri wa Elimu, alipotangaza uamuzi ule. Nilikuwa nimeona mabinti wenye akili wakifutwa kwenye rejista asubuhi moja, na mimi nikiambiwa niwasindikize hadi getini. Wenzetu Kenya walikuwa na utaratibu wa kuwarudisha tangu 1994, na Zanzibar nayo ilitutangulia sisi wa Bara. Kwa hiyo waraka ule naushukuru kwa moyo wote. Lakini waraka hauwezi kukaa darasani na mtoto.

Binti mmoja alirudi kwetu kidato cha pili, mwanawe akiwa wa miezi sita. Oktoba, jua la Tabora linachoma, yeye amevaa sweta na hataki kulivua. Walimu wawili walimgombeza kwa sweta lile. Nilipompata peke yake ndipo nikajua kwamba kufikia kipindi cha tatu maziwa yanamtoka yanalowesha shati, na alipoomba ruhusa ya kutoka aliambiwa asubiri kengele. Basi anakaa nyuma, mikono kifuani, anasubiri kengele. Katika hali hiyo nani atasikiliza habari za mzunguko wa maji?

Tulichofanya kilikuwa cha kawaida kabisa. Mama anayeuza maandazi jirani na geti alikubali kibanda chake kitumike, bibi wa mtoto akawa anamleta wakati wa mapumziko, binti ananyonyesha, anarudi darasani. Nilizungumza na walimu wa Hisabati na Baiolojia, kila mmoja akamwandikia mada alizozikosa. Wasichana wawili wa darasa lake wakawa wanampa madaftari ananakili jioni. Nilikwenda kwao mara kadhaa, kwa kuwa baba yake alikwishaapa kwamba hatatoa tena hata senti ya daftari. Mwisho wa mwaka uliofuata binti yule alifanya mtihani wa taifa wa kidato cha pili na kuingia cha tatu.

Katika yote hayo hapakutumika fedha ya umma. Palitumika muda, na muda huo ulipatikana usiku na Jumamosi, kwa sababu ratiba ya shule haina mahali panapoandikwa unasihi. Wapo waliorudi wakati mmoja naye na wakaondoka tena kabla ya muhula kwisha. Hakuna aliyewafukuza. Walikosa tu mtu mwenye nafasi ya kwenda kuwauliza mbona wiki hii hawakuonekana.

Wavulana nao wana yao. Kwetu ukifika msimu wa kuchuma na kukausha tumbaku, kijana analala kwenye bani, banda la kukaushia majani, akichochea moto usiku kucha. Asubuhi anafika shuleni viganja vyeusi kwa utomvu wa majani, na kipindi cha pili amelalia dawati. Mwalimu asiyejua anaona mvivu, na fimbo iko karibu. Kanuni za 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Katika shule nilizofundisha kitabu hicho kilifunguliwa kwa nadra sana. Ukimkalisha kijana yule faraghani anakueleza kwamba baba anadaiwa mbolea kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kaka mkubwa yuko Dodoma, na wa kukesha banini ni yeye. Wazazi wa namna hiyo niliowafuata sikumbuki aliyekataa kuzungumza. Mmoja tulielewana kijana akeshe usiku wa Ijumaa na Jumamosi tu, siku nyingine akeshe baba mwenyewe na mdogo wake. Si jawabu kamili, najua, ila mahudhurio yake yalipanda na fimbo ikamwacha.

Nataja pia klabu za Tuseme za wanafunzi, maana vijana wengi wa ualimu wa leo hawaijui. Mwaka 1996 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Profesa Penina Mlama na Profesa Amandina Lihamba, waliianzisha Tuseme katika sekondari zetu. Mabinti wenyewe wanachunguza nini kinawakwamisha, wanakitungia mchezo, wanauonyesha mbele ya walimu na wazazi, kisha wanadai majibu. Baadaye FAWE, jukwaa la wanawake wa Afrika wanaotetea elimu ya wasichana, iliichukua ikaipeleka katika nchi nyingine za Afrika. Ni kitu chetu, kilizaliwa hapa.

Klabu yetu ya Tuseme iliigiza maisha ya mageto, vile vyumba wanavyopanga watoto wanaotoka vijiji vya mbali. Waliigiza Alhamisi unga umekwisha, mafuta ya taa hakuna, na kijana wa bodaboda yuko mlangoni na mfuko wa chipsi. Hakuna mwalimu aliyewatungia. Mtendaji wa kijiji alikuwepo, bodi ya shule ilikuwepo, na siku ileile walianza kujibu: wasichana wahamishiwe nyumba zinazokaribiana, akapatikana mama mmoja wa kuzitazama jioni, na viongozi wa bodaboda wakaitwa ofisini kwa mtendaji. Sheria ya 2016 inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba, na iendelee kuwepo, lakini inafika mtoto akiwa ameshaumizwa. Mchezo wa robo saa ulifika mapema zaidi. Nilipohamishiwa shule nyingine klabu ikafa, kwa kuwa haikuwa kwenye ratiba na mrithi wangu alikuwa na vipindi vingi kuliko mimi.

Najua mkuu wa shule atauliza: hivyo vipindi nitakavyompunguzia atabeba nani? Ni swali la haki. Upungufu wetu mkubwa uko kwenye sayansi na Hisabati, kwa hiyo walimu wa malezi, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, wateuliwe kwenye masomo ya sanaa ambako angalau kuna wa kugawana. Wapunguziwe theluthi moja ya vipindi. Vipindi vilivyobaki wazi viandikwe unasihi kwenye ratiba ile ile inayobandikwa ukutani, mwanafunzi ajue kwamba Jumanne kipindi cha tano madam yuko chumba kile. Alasiri moja ya wiki iwe ya klabu, isimezwe na mitihani ya majaribio. Na kwa kuwa watumishi siku hizi wanapimwa kwa PEPMIS, mfumo wa kompyuta ambamo kila mmoja anajaza kazi alizofanya, mwalimu aliyemfuata mtoto kijijini na kumrudisha darasani aijaze kazi hiyo humo, ihesabiwe kama anavyohesabiwa aliyemaliza mada. Ama chumba, shule nyingi zina ofisi ya kitaaluma, maktaba isiyo na vitabu au stoo mbili. Viti viwili vinatosha.

Kuna sababu ya kulisema sasa. Chini ya Sera ya Elimu toleo la 2023, watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza msingi wakiwa la sita mwaka 2027, mwaka uleule wanaomaliza wale wa la saba. Januari 2028 madarasa mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja, na nusu yao watakuwa wadogo kwa mwaka mzima kuliko tuliowazoea. Tumesikia mengi kuhusu madarasa na madawati ya kuwapokea, nayo yanahitajika. Lakini mtoto wa miaka 12 atakayepangiwa geto kilomita nyingi kutoka kwa mama yake anahitaji pia mtu mzima mmoja shuleni ambaye kazi yake, kwa saa zinazojulikana, ni kumsikiliza. TAMISEMI, inayosimamia shule zetu kupitia halmashauri, inaweza kutoa maelekezo hayo kwa wakurugenzi na maofisa elimu mwaka huu, ratiba za Januari zikiwa bado hazijapangwa.

Mwalimu mstaafu,
Urambo, Tabora